Moto Usiojua Kushiba

Waya wa kawaida ni mtiifu. Ukiongeza volti mara mbili, mkondo nao unaongezeka mara mbili, basi. Hayo tulikaririshwa sekondari na wengi wetu tukayaacha hukohuko. Tao la umeme, ule mwali mweupe unaoruka kati ya ncha mbili bila waya, lina tabia nyingine kabisa. Mkondo ukipanda, gesi iliyo katikati inazidi kupata moto, inazidi kupitisha umeme, na volti zinazohitajika kulidumisha zinapungua. Kadiri linavyokula ndivyo njaa inavyozidi. Liunganishe moja kwa moja na chanzo chenye nguvu uone: litavuta mkondo mpaka kitu kiungue.

Mimi ni mtu wa habari, si wa umeme. Nimelifahamu tao kwa sababu ya taa za gari langu, mtumba wa Japani wenye taa za zenoni. Mwaka jana ya kushoto ilianza kuzima yenyewe. Mara ya pili nilikuwa narudi Dar usiku kutoka Morogoro, nimeshapita Chalinze, lori linakuja, na ukingo wa barabara ukapotea machoni. Ukingo huo ndio wa watembea kwa miguu na baiskeli zisizo na taa. Nimeandika habari za ajali za barabara ile. Mtu mzima huwa tunammaliza kwa mstari mmoja.

“Dada, hii siyo globu ya kuwasha tu kwa swichi,” fundi wa Gerezani aliniambia. “Hii unaibembeleza.” Akachomoa balasti, kiboksi kisichozidi kiganja. Kwenye taa za tyubu za zamani kazi hiyo hufanywa na choki, ambayo haijui lolote, inazuia tu. Ndani ya balasti mna mikrokontrola, kompyuta ya ukubwa wa ukucha.

Globu yenyewe haina uzi, ina ncha mbili na gesi. Balasti hurusha kwanza pigo la volti zaidi ya 20,000 kuipasua gesi. Tao likishazaliwa, volti zinaporomoka hadi makumi machache, na hapo ndipo ulafi unapoanza. Sasa mkondo unapitishwa kwenye kipande chenye ukinzani mdogo unaojulikana, tuseme omu 0.1. Ampea 0.4 zikipita hapo zinaacha milivolti 40. Chipu inazisoma, inalinganisha na inachokitaka, kisha inafupisha au kurefusha muda ambao transista inapitisha umeme. Halafu inasoma tena. Na tena, maelfu ya mara kwa sekunde.

Kinachonishangaza ni kwamba hata hicho inachokitaka hakitulii. Globu ikiwa baridi hupewa zaidi ya ampea 2 ili mwanga uje haraka. Ikipata moto, chumvi za metali zilizomo zinageuka mvuke, volti zinapanda, mpaka globu ya wati 35 inatulia kwenye volti kama 85 na ampea 0.41. Kwa hiyo chipu inapima volti pia, inazidisha, inajua wati. Globu ikizeeka volti zinapanda kupita kiasi, balasti inashindwa kulishikilia tao, linakufa. Yangu ilikuwa hiyo: balasti nzima, globu imechoka.

Kabla ya chipu, taa za tao za karne ya 19 zilikuwa na koili: mkondo wenyewe ulipita humo na kuisogeza kaboni. Taa zilifoka, na hakuna aliyeeleza vizuri kwa nini mpaka Hertha Ayrton, Mwingereza aliyezaliwa 1854. (Jina la Hertha, wapenzi wa ushairi, lilitoka kwenye shairi la Swinburne.) Alionyesha kuwa mlio unatokea pale oksijeni ya hewani inapoifikia kaboni yenye moto. Kitabu chake, The Electric Arc, kilitoka 1902, na kinasomeka kama daftari la mtu asiyechoka kuuliza: urefu wa tao, mkondo, volti, kisha upya. Vyote kwa jicho na kalamu.

Mwaka huohuo jina lake lilipelekwa Royal Society. Jibu likawa kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kuwa mwanachama kisheria. Mwaka 1906 wakampa medali yao ya Hughes. Uanachama hawakumpa.