Kutoka Mudende Hadi Ufuko wa Gisenyi

Mudende imo katika wilaya ya Rubavu, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, kwenye mwinuko uzidio mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mgeni afikaye hapo alfajiri bila sweta hujuta. Udongo wake ni mweusi, uliotokana na volkano, na mawe yaliyotapikwa na milima hiyo hupangwa kuwa kuta za kuzungukia mashamba ya viazi. Ukungu ukiondoka, mlima Karisimbi wenye mita 4,507 hujitokeza. Huko ni Hifadhi ya Volkano, makao ya gorila wa milimani.

Si vema familia ipite hapo kwa haraka. Mwaka 1984 Waadventista walifungua chuo kikuu Mudende, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, damu ilimwagika papo hapo. Mwezi wa Agosti na tena Desemba 1997 waasi waliwashambulia wakimbizi wa Kitutsi kutoka Kongo waliokuwa kambini Mudende, wakaua mamia. Watoto waambiwe habari hizo kabla ya kuteremka ziwani.

Mteremko wa kwenda Gisenyi ni mfupi, lakini hali ya hewa hubadilika kana kwamba msafiri amevuka nchi. Sweta huvuliwa njiani. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi. Ufuko ni wa mchanga, na hakuna mamba wala kiboko. Hata hivyo kina cha ziwa hufikia karibu mita 480, kwa hiyo asiyejua kuogelea asipite maji ya magoti, hata akiwa koplo shupavu.

Iko hatari nyingine ambayo wageni wachache huijua. Wenyeji wa pande hizi za volkano huiita mazuku. Ni hewa ya kaboni itokayo ardhini. Haina rangi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama katika mabonde madogo na mashimo, hasa usiku na asubuhi kukiwa hakuna upepo. Mtu mzima aliyesimama aweza kuwa salama, na mtoto aliyeinama karibu naye akaanguka na kufa. Basi watoto wasiachwe kuchezea mashimoni, na mahali palipokutwa ndege au mnyama mdogo amekufa pasikaribiwe. Aliyeanguka asifuatwe shimoni kwa pupa, maana waokoaji nao huweza kufa hivyo hivyo.

Ng'ambo ya mpaka husimama Nyiragongo. Ulipolipuka Mei 22, 2021, maelfu ya watu wa Goma walikimbilia Rubavu, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba za mjini.

Kusini kidogo, huko Nyamyumba, zipo chemchemi za maji ya moto ambamo wazee hutuliza viungo. Chakula cha kuagiza ni isambaza wa kukaanga, dagaa walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959. Jioni wavuvi hutoka kuwatafuta kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakipiga makasia huku wakiimba, na sauti zao husikika ufukoni hata baada ya taa zao kuwa nukta tu majini.