Pumzi za Gari la Marehemu

Mirathi haiji kwa sura moja. Kuna walioachiwa mashamba ya minazi, kuna walioachiwa nyumba za Mji wa Kale zenye kesi ndani yake. Sisi, ukiondoa vyombo na akiba isiyotajika, tuliachiwa Toyota Celica nyekundu ya mwaka 1992, milango miwili, yenye taa za mbele zinazolala ndani ya boneti mchana na kuinuka usiku kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla.

Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakulinunua gari hilo kwa bahati. Kwa watu wa rika lake, Celica lilikuwa jina la heshima katika nchi hii. Kuanzia 1990 hadi 1995 gari la aina hiyo lilishinda Safari Rally kila mwaka isipokuwa 1991, likiendeshwa na Waldegård, Sainz, Kankkunen, Ian Duncan wetu wa Kenya, kisha Fujimoto. La kwetu halikuwa na turbo, wala injini yake haikusukuma magurudumu yote manne kama yale ya mashindano, lakini baba hakupenda kukumbushwa jambo hilo.

Mwaka wote wa ugonjwa wake gari lilikaa chini ya mwarobaini, likipigwa na hewa ya chumvi. Tulipoliwasha baada ya maziko, liliwaka, na hapo ndipo ugonjwa wake ulipodhihiri. Mtu asipokanyaga mafuta, injini hiyo inapaswa kutulia kwenye mizunguko kati ya 700 na 800 kwa dakika. Ya kwetu ilipanda hadi 1,800, ikaanguka karibu na kuzimika, ikapanda tena, bila kukoma, mfano wa mgonjwa wa pumu. Na ukipunguza mwendo ili usimame, ilizima kabisa.

Asidhani mtu kwamba hiyo ni kero tu. Injini ikizima gari likiwa mwendoni, usukani huwa mzito papo hapo, na breki hubaki na nguvu ya kukanyagwa mara moja au mbili, kisha huwa ngumu kama ukuta. Fikiria jambo hilo likikufika unapoteremka kuingia feri ya Likoni, mbele yako umati wa watu wanaokwenda kwa miguu na mizigo vichwani.

Dalali alikuja siku ya tatu. Alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa, akasema injini imekufa na kwamba angetufanyia hisani ya shilingi 120,000. Kaka yangu aliyeko Muscat alisema kwa simu tukubali, tumalize. Mimi sikuweza. Thumuni ya mama ilikuwa ndani ya gari lile, na fungu la kitindamimba wetu, ambaye hajabaleghe, lilikuwa humo pia. Mali ya yatima haiuzwi kwa uchovu.

Fundi wa kwanza tuliyemwita alikuja na dawa ya haraka. Alitaka kuizungusha skrubu inayokizuia kipepeo cha hewa kisifunge kabisa, ili injini ikae juu, kwenye 1,200, isizime. “Itauzika, dada,” aliniambia, “akishaondoka nalo, basi.” Kwa nini niliikataa kazi hiyo, nadhani wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa, aibu ya bidhaa husemwa kabla ya bei. Lakini baadaye nilijifunza kwamba hata kwa hesabu ya ufundi peke yake, rai ile ilikuwa mbovu.

Aliyenifunza ni kijana wa mtaani kwetu ambaye gereji yake ni kivuli cha ukuta. Alinieleza hivi. Ukiondoa mguu kwenye mafuta, kipepeo hufunga, na hewa ya kuiweka injini hai hupita kwenye kijia cha pembeni chenye valvu inayoamrishwa na kompyuta ya gari. Hewa nyingine ikipenya mahali pasipostahili, injini hupanda. Kompyuta huona mguu haupo lakini mizunguko iko juu, ikadhani gari linateremka mlima, ikakata petroli ili isipotee bure. Injini huanguka, kompyuta hurudisha petroli, injini hupanda tena. Basi kule kupanda na kushuka si wazimu. Ni kompyuta inayofanya kazi yake kwa habari za uongo. Na skrubu ya yule fundi wa kwanza ingeongeza hewa juu ya hewa, na zaidi ya hapo ingekisogeza kipepeo hata kompyuta isitambue tena kwamba mguu umeondolewa.

Kijana alianza kwa kuliuliza gari lenyewe. Magari ya Toyota ya zama hizo yana kijisanduku chini ya boneti; ukiunganisha matundu yake mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, kisha ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi hukonyeza, na idadi ya makonyezo ndiyo namba ya kosa. Ya kwetu ilikonyeza kwa mfululizo ulio sawa, maana yake haikuwa na kosa lolote lililoandikwa. Sensa zilikuwa salama, au angalau hazikulalamika.

Kisha akachukua chupa ya kunyunyizia maji. Wapo wanaotumia petroli kwa kazi hii, na nimeomba hapa, kwa ajili ya watoto wanaozubaa karibu na magari, wasifanye hivyo, maji yanatosha. Injini ikinguruma, alinyunyiza mpira mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwenye mpira mwembamba nyuma ya injini, mngurumo ulibadilika mara moja. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka upande wa chini, usioonekana. Mpya ulitugharimu kiasi kisichofikia bei ya kilo ya nyama.

Kupanda na kushuka kulipungua, lakini hakukuisha, na kuzima kulibaki palepale, hasa kiyoyozi kikiwashwa. Tukafungua mlango wa hewa. Kipepeo na ile valvu vilikuwa vyeusi kwa masizi, mithili ya sufuria ya jikoni la kuni. Valvu ilikwama nusu njia. Mswaki wa zamani, dawa ya kusafishia kabureta, gasketi mpya, na saa mbili za subira.

Hapo gari likaacha kuzima. Bado lilipumua kidogo likipata moto, na hapa ndipo mama alipoingia. Alikuwa katika eda, hatoki, lakini dirisha lake linatazama ule mwarobaini. Alituita akasema, “Baba yenu kila akimaliza kutia maji kwenye rejeta alikuwa akiliacha wazi linanguruma kwanza. Nyinyi mwafunga upesi.” Kijana alicheka, akapiga paji la uso. Maji ya rejeta ya gari hili hupita pia chini ya ile valvu, kuipa habari ya joto. Hewa ikinaswa humo, valvu hudhani injini ni baridi. Tulingoja hadi asubuhi, kwani kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto, tukajaza, tukaliacha likinguruma wazi mpaka mapovu yakaisha. Mshale ukatulia kwenye 750.

Mnunuzi wa pili alikuwa mwalimu kutoka Kilifi. Nilimweleza yote: mpira, masizi, maji, na kwamba rangi ya paa imeanza kuchubuka. Alikaa ndani dakika ishirini akiwasha na kuzima kiyoyozi, macho kwenye mshale. Bei tuliyoafikiana ilikuwa shilingi 310,000. Kijana wa gereji alilipwa kwanza, kisha tukahesabu thumuni ya mama juu ya meza. Aliipokea, akauliza kama mwalimu ameambiwa habari ya kuacha kifuniko wazi.