SAHANI NDOGO SI KIBURI



Leo nazungumza na wewe uliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, kisha nitawageukia wanaokupikia. Dada mmoja tunayeabudu naye hapa Butali ameniruhusu niandike, bila jina.

Huku kwetu mgeni haondoki kabla hajala. Ukila kidogo, mwenye boma anakuuliza kama chakula chake kina sumu. Sasa huyu dada alikatwa karibu robo tatu ya mfuko wa chakula. Uliobaki ni kama ndizi. Alipokwenda kwa wakwe akawekewa mlima wa ugali na kuku. Akala kwa heshima, akatapika usiku mzima. Asubuhi majirani wakanong'ona kuwa ana ule ugonjwa, ona alivyokonda!

Mpendwa, kukonda ndiko alikokufuata hospitalini. Sukari ilikuwa juu, presha juu, magoti yamekataa kumbeba. Wengine wanasema alikosa imani. Paulo alisafiri na Luka, naye Luka alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14).

Soma pia Kutoka 16. Mana ilipimwa, pishi moja kwa kila mtu, na waliolimbikiza hadi asubuhi walikuta mabuu. Mungu alipima chakula jangwani na hakuwa mchoyo.

Kwa hiyo anza na yai, samaki, kuku laini au maharagwe yaliyopondwa. Ugali uje mwisho, vijiko viwili. Tafuna hadi kiwe uji. Usinywe maji pamoja na chakula, subiri nusu saa. Lakini mchana kutwa piga funda moja moja, usikaukiwe. Vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu ni za maisha yote, hata ukijisikia mzima. Nywele zikitoka mwezi wa tatu au wa nne, usitafute aliyekuroga. Mara nyingi humea tena.

Jihadhari na utamu. Najua tunaishi kando ya kiwanda cha sukari na chai yetu inajulikana! Sukari nyingi inaweza kukuletea jasho, moyo kwenda mbio na kuhara. Tena soda na sukari guru hupita kirahisi hata kwenye mfuko mdogo, na kilo zinarudi polepole. Kisu hakiondoi ile hamu inayokuja ukiwa na huzuni saa nne usiku. Hapo ndipo tuombe pamoja, nipigie.

Na mfungo wa siku 21 ukitangazwa, usifunge kavu. Mimi mchungaji wako nimesema. Funga simu, funga umbeya, maji uendelee kunywa.

Nawe mama mkwe, akija Jumapili mpe kisahani cha chai, kipande kimoja cha kuku na mrenda kidogo, mkae mzungumze. Kinachobaki mfungie, awapelekee watoto.