Lubugo, Ng'ombe wa Katarikawe na Sisi

Zamani, Buganda, maiti alivishwa lubugo, nguo ya gome la mti. Fundi alichuna gome la mti wa mutuba majira ya mvua, akaufunga mti kwa majani ya mgomba ili uote gome jingine, kisha akaliponda lile la kwanza kwa nyundo za mbao mpaka likawa kitambaa chenye rangi ya udongo. Sisi wa Nairobi tulikuja kulijua likiwa bidhaa ya watalii. Tulilipita sokoni bila kuuliza lilikotoka.

Michael Armitage hakulipita. Alizaliwa Nairobi mwaka 1984, akasomea uchoraji London. Alipolikuta gome katika soko la watalii, aliacha turubai la kawaida akaanza kupaka rangi ya mafuta juu ya gome. Gome lina matundu na mishono, naye haifichi. Tundu laweza kuangukia mwilini mwa mtu aliyechorwa, ukakumbuka nguo hii ilikuwa ya nani. Ndiyo maana picha zake za kampeni za uchaguzi wa Kenya wa 2017 zinaniuma kuliko za magazetini: umati umebanana, wengine wamepanda mti, nasi tunajua wapo ambao mwaka ule hawakurudi nyumbani. Baadhi ya picha hizo zilionyeshwa Venice mwaka 2019.

Picha hazikuwa za kuonwa ng'ambo tu: zamani hapa Nairobi tulikuwa na jumba la sanaa, Gallery Watatu, Standard Street. Enzi za Ruth Schaffner, aliyeliendesha tangu miaka ya 1980 hadi alipofariki 1996, mtu aliyetoka kazini aliweza kuingia tu, akasimama mbele ya ng'ombe wa mchoraji Jak Katarikawe, wale wanaopendana na kuota ndoto. Watatu ilifungwa. Kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, alichokilea mchoraji Elimo Njau, kiliungua 1997, na picha nyingi zikateketea humo. Tulisikitika wiki chache, tukaendelea na shughuli zetu.

Mwaka 2021, Armitage alipopewa kumbi za Royal Academy ya London, alionyesha humo pia kazi za wachoraji wazee: Katarikawe, Theresa Musoke, Sane Wadu, Meek Gichugu na wenzao. Nilifurahi, na moyo ukaniuma papo hapo. Kuwaona wazee wetu pamoja kulitaka viza na nauli ya London!

Leo Nairobi ina taasisi aliyoianzisha Armitage mwaka 2020, Nairobi Contemporary Art Institute. Mwaka 2022 ilikusanya kazi za Wadu za miaka mingi, mwenyewe akiwa hai. Katarikawe alifariki 2018. Naye alistahili kukaa katika ukumbi kama ule, mjini humu humu, watoto wa shule wamemzunguka wakimuuliza kwa nini ng'ombe wake wanapendana.