Kuhifadhi Mayai ya Uzazi kwa Baridi

Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na akiba yake ya mayai ya uzazi. Azaliwapo huwa nayo kiasi cha milioni 1 hadi 2. Afikapo kubaleghe hubaki kiasi cha 300,000 hadi 400,000. Na katika umri wake wote yanayokomaa na kutoka ni kiasi cha 400 au 500 tu. Yaliyosalia hufa yenyewe, kidogo kidogo. Akiba hii hutumika wala haijazwi tena.

Twayataja haya kwa sababu ya swali tuliloletewa chuoni na mama wa mwanafunzi wetu wa zamani. Binti yake, mwanamwali wa miaka 22, ameshikwa na saratani. Madaktari wamemwambia kuwa dawa zitakazompiga adui huyo zaweza kuyaua na mayai yake. Basi akipenda, yatolewe kwanza yahifadhiwe. Mama akatuuliza, "Maalim, jambo hili lawezekana kweli? Na je, si kuingilia kazi ya Mungu?"

Hatukumjibu siku ile. Tulikwenda kwa daktari mmoja tunayemwamini, tukamsikiliza kwa makini, na haya ndiyo tuliyofahamu.

Yai la mwanamke lina upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni dogo kwa macho, lakini ni kubwa kuliko chembe nyingi za mwili, nalo limejaa maji. Hapo ndipo penye shida. Mama wa nyumbani anajua kuwa nyanya iliyoganda katika friji, ikiyeyuka, hulegea na kutoa maji. Sababu yake ni kwamba maji yakiganda huwa vipande vya barafu vyenye ncha, navyo huzipasua chembe za nyanya ile. Yai nalo lingefanywa vivyo hivyo.

Mwaka 1949, wataalamu watatu wa Uingereza, Polge, Smith na Parkes, walitangaza kuwa gliserini huzikinga mbegu za kiume zisiharibiwe na baridi. Yai lilikuwa gumu zaidi; mtoto wa kwanza kutokana na yai lililogandishwa alizaliwa Australia mwaka 1986. Njia inayotumika sana leo ni hii: yai hutiwa katika maji ya dawa na sukari yanayolitoa maji yake, kisha hutumbukizwa ghafla katika naitrojeni ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Kwa upesi ule barafu haipati nafasi ya kufanyika. Yai huwa kama kioo, mfano wa shira iliyopikwa ikawa peremende: ni gumu, lakini halina chembe za barafu ndani yake. Katika hali hiyo uhai husimama, na yai hubaki na umri lililokuwa nao siku ile.

Basi tulimjibu mama yule kwamba hapa hapana kuumba. Aliyeliumba yai ni Mwenyezi Mungu. Mwanadamu amelizuia lisiharibike tu, kama azuiavyo maradhi kwa dawa.

Lakini hatukumficha upande wa pili. Binti hudungwa sindano kwa muda wa kama wiki mbili ili mayai mengi yakomae pamoja, na si kila mgonjwa awezaye kuichelewesha tiba yake. Mayai huvutwa kwa sindano, kwa kawaida kwa njia ya uke. Kwa mwanamwali pengine huwezekana kupitia tumboni. Haya na aulize kwa uwazi, wala si aibu. Tena si kila yai huokoka likiyeyushwa, si kila liokokalo hushika mimba, wala si kila mimba hufika. Mwenye kuhifadhi amehifadhi tumaini, hakuhifadhi mtoto.

Ama upande wa sheria, mwaka 2019 Dar al-Ifta ya Misri iliruhusu kuhifadhi mayai kwa masharti. Yai lipandishwe kwa mbegu ya mume wake tu, wakati ndoa ipo; lilindwe lisichanganyike na la mwingine; na lisitiwe katika tumbo la mwanamke mwingine. Makusudio ni kuilinda nasaba. Mwenye jambo hili na amwendee mwanachuoni wake pamoja na daktari wake, asitosheke na mmoja.

Enyi wazazi, saratani haingoji, na dawa zikishaanza, mlango huu huenda ukafungwa. Binti akipatwa na maradhi haya, muulizeni daktari habari ya uzazi wake kabla ya tiba, wala msinyamaze kwa haya. Wala wenzake wasimwone kuwa amepungukiwa, awe amehifadhi au hakuhifadhi, kwani uhai wake mwenyewe ndio amana ya kwanza. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awaruzuku watoto wema wale wanaowatamani. Amin.