Shamba la Uzeeni

Askari aliyezoea kupewa nyumba na maji kambini huiona ardhi kuwa ndiyo kinga yake ya uzeeni. Lakini kiinua mgongo huja mara moja tu, kikipotea, hakirudi.

Sajini mmoja wa Uganda, alipokaribia kustaafu, alionyeshwa ekari 4 katika wilaya ya Luweero. Alitaka shamba litakalowalisha jamaa yake bila kungojea duka, bomba wala waya wa umeme. Dalali alitoa hati yenye muhuri, akamhimiza alipe upesi kwa kuwa wanunuzi ni wengi. Sajini alikuwa tayari. Mkewe ndiye aliyekataa.

"Baba watoto," alisema, "hati tumeiona. Watu wa ardhi hiyo hatujawaona."

Neno hilo lilikuwa na uzito. Katika Buganda ardhi nyingi ni ya mailo, mfumo ulioanzishwa na Mapatano ya mwaka 1900. Humo kipande kimoja chaweza kuwa na wenyewe wawili: mwenye hati, na mwenye kibanja alimaye juu yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 humlinda mwenye kibanja halali. Hati ikiuzwa, haki yake haiondoki. Tena sheria hiyo hukataza ardhi ya jamaa kuuzwa bila idhini ya mke au mume wa muuzaji.

Basi wakaenda wenyewe mwezi wa Februari, wakati wa kiangazi, maana mwezi wa Aprili kila kisima huwa na maji. Walizungumza na mwenyekiti wa kijiji na majirani wa kila mpaka. Wakakuta ekari 2 zina migomba na mibuni ya mjane aliyeishi hapo tangu ujana wake. Kisima kilichosifiwa kilikuwa tope tupu. Sajini akarudi na fedha zake.

Mwaka uliofuata walinunua ekari 2 tu, mahali pengine. Mpima ardhi alihakikisha mipaka, hati ilichunguzwa katika ofisi ya ardhi, na mke wa muuzaji akatia sahihi mbele ya mashahidi. Paa lao la mabati lina meta za mraba 50. Mvua ya milimeta 20 huleta karibu lita 1,000 katika tangi. Taa huwaka kwa nguvu ya jua. Muhogo, maharagwe na ndizi hutoka shambani. Hata hivyo chumvi, dawa na karo za shule hudai fedha taslimu, kwa hiyo kuku na mayai huuzwa sokoni. Kujitegemea si kujitenga.

Heri ekari chache zisizo na ugomvi kuliko nyingi zenye machozi. Askari aliyeapa kuwalinda raia hawezi kulala usingizi katika shamba alilomfukuza mjane.