Mashine Kuukuu na Fomu ya Kufuta Mali

Niliinunua kwenye mnada wa ofisi moja ya umma: mashine ya kukatia nyasi aina ya Atco, masalia ya enzi za mkoloni, kutoka kiwanda cha Charles H. Pugh cha Birmingham kilichoanza kuziunda mwaka 1921. Kwenye orodha iliandikwa "chakavu". Nje, watunza bustani wa ofisi hiyo walikuwa wameinama juani na mafyekeo.

Injini yake ni Villiers, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Nilipoifungua nilikuta kabureta imeziba, platini zimeota kutu na bushi zimelika. Platini nilizisugua kwa msasa laini. Bushi alizichonga fundi wa Gerezani, baada ya kupima ekseli mara tatu. Gasketi ya silinda niliitafuta Kariakoo siku mbili. Mwishowe nikanunua karatasi yake na kuikata mwenyewe.

Ilipowaka, jirani alidhani nimenunua pikipiki.

Ndugu watumishi wa umma, kabla ya kutia saini fomu ya kufuta mali, muulizeni fundi. Swali hilo ni la bure. Lisipoulizwa, anayelipa ni mtunza bustani, kwa mgongo wake.